Mpaka wa Uwanja Wangu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
4 Machi 1956

Mdogo wangu Leodegar,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Celina, wale wavulana wanne na Mama yetu. Mimi sijambo, ila joto la huku linanichemsha kama ndizi chunguni. Maharage yanauzika sokoni na Jumapili sikosi misa. Mwambie Mama kikohozi kimeniacha. Mwambie pia nimeshanunua bawaba za mlango wa nyumba yangu, ile nitakayojenga nyuma ya zizi, kwenye kipande alichonikatia Baba. Najua atacheka, maana mlango haupo na bawaba zipo. Na acheke. Krismasi hii nakuja kuanza msingi. Tangu watu wa marehemu Ignasi waniambie mjane asiye na mtoto hana kiti kwao, unajua sina pengine duniani pa kuita kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Shaibu, dereva wa lori la ndizi, alinifikishia yule mtoto wa mbwa uliyenipa. Ahsante sana. Nimemwita Karani, kwa sababu ana kola nyeupe shingoni na anatembea kama mtu aliyechelewa ofisini. Lakini Leo, huyu Karani hakai kazini! Ua wa makuti wa huku nyuma ulishaliwa na mchwa, na mvua ya juzi imeumaliza. Mkono wa kulia ni barabara, baiskeli na malori, na watu wa Manispaa wanaokusanya mbwa wanaozurura. Mkono wa kushoto ni kwa mwenye nyumba wangu, Bi Mauza, mama wa Kiarabu, mtu mwema lakini udenda wa mbwa kwake ni najisi. Nikimfunga kamba anaitafuna. Nikimfungia chumbani analia mpaka wapangaji wanagonga ukuta. Ulinipa mbwa anilinde, sasa kutwa ninamlinda yeye.

Wewe umekua na mbwa. Nifanyeje?

Dada yako,
Severa


Kibosho, Moshi.
2 Aprili 1956

Dada mpendwa Severa,

Milele amina, na shikamoo. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana, alicheka habari ya bawaba mpaka akashika ubavu. Celina anakusalimu. Mtoto wa mwisho ameota jino na amemng'ata padre kidole siku ya baraka. Mvua ni nzuri na kahawa imechanua.

Kuhusu Karani usihangaike. Mtoto wa mbwa hatoki kwa ubaya, anatoka kwa sababu hajajua kwao ni wapi. Mlishe mahali pamoja, saa ile ile. Kila asubuhi mzungushe kwa kamba ukingoni mwa uwanja. Akitaka kuvuka, mvute na umwambie hapana. Akirudi ndani, mpe kipande cha nyama. Akitoroka usimkimbize, atadhani ni mchezo. Wewe chuchumaa, umwite. Baada ya siku arobaini atakuwa ameelewa.

Lakini mafunzo peke yake hayatoshi, unahitaji uzio. Makuti yataliwa tena. Kwa nini usipande masale, ile mimea ya mipakani, kama huku nyumbani? Mchwa hawayagusi, na yakikaribiana hata kuku hapiti. Nitakukatia mimi na Shaibu atayaleta. Ila mwenye lori siku hizi ni mkali, hataki mzigo wa miti bila maandishi. Niandikie karatasi ya peke yake, isiyo na salamu, useme kwa mkono wako kwamba unataka masale mangapi na ya kazi gani. Taja ni mpaka wa uwanja wako hapo Kariakoo. Tia sahihi kwa jina lako lote la ubatizo na la Baba.

Usichelewe.

Mdogo wako,
Leodegar


Kariakoo,
29 Aprili 1956

Mdogo wangu Leo,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa padre, kidole kimepona? Mwambie Mama khanga aliyoniagiza nimeipata, nyekundu, anavyopenda. Mimi ni mzima wa mwili ila aibu itaniua.

Huku ni Ramadhani. Juzi jua linazama Bi Mauza ametandika mkeka nje, ameweka tambi, uji wa pilipili manga na tende, wageni wamekaa wanasubiri adhana. Nilikuwa nafua. Karani akaona huo ndio wakati wa kwenda kusalimia. Alipita katikati ya mkeka, akalamba bakuli moja, akatoka na kitambaa cha mgeni mdomoni. Nami nikasahau yote uliyoniandikia, nikamkimbiza na povu mikononi. Alifurahi sana, kama ulivyosema. Mtaa mzima ulisimama kututazama.

Bi Mauza hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja mkeka, akaanza kuosha bakuli upya, mara saba, tumbo likiwa tupu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi sina chuki na kiumbe cha Mungu. Lakini Idi ya kuchinja ikifika na huyu bado anavuka huku, mtafute pa kwenda wewe na yeye." Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo tafadhali lete masale upesi. Karatasi uliyotaka ni hii hapa chini, nimeiandika mbali uikate. Namzungusha kila asubuhi, majirani wanasema mama wa maharage ameshikwa na wazimu.

Dada yako,
Severa

*Mimi Severa binti Ludoviki, ninayekaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Dar es Salaam, naomba ndugu yangu Leodegar anikatie masale arobaini ili nipande mpaka wa uwanja wangu hapa. Nimeandika kwa mkono na hiari yangu. Severa Ludoviki.*


Kibosho,
24 Juni 1956

Dada Severa,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Nisamehe kuchelewa, kulikuwa na vikao na shughuli za kahawa.

Shaibu anakuletea masale arobaini. Yapande kwa karibu, shina kwa shina, umwagilie jioni. Mzungushe mbwa ndani ya mstari huo huo.

Natumaini sasa utatulia.

Leodegar


Kariakoo,
15 Julai 1956

Mdogo wangu Leodegar,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na Celina, na watoto? Mama ni mzima? Nauliza kwa sababu barua yako haina salamu zake, na Mama hajawahi kuninyima salamu, hata mwaka ule niliotoroka shule. Mimi sijambo.

Masale yamefika nami nimeyapanda. Karani ameanza kuelewa. Jana alikimbia mpaka kwenye mstari, akasimama mguu mmoja juu, akanitazama, akarudi. Nilimpa nyama nikalia machozi ya furaha, mjinga mimi. Bi Mauza alikuwa dirishani na naye alicheka. Idi itatukuta humu humu.

Lakini Leo, kuna mambo mawili yananikosesha raha.

La kwanza, haya masale si ya kukata. Yana mizizi na udongo wetu mweusi, na mashina ni manene kuliko mkono wangu. Hayo yamesimama miaka. Umeyang'oa wapi?

La pili, nilipofungua mzigo nilikuta katikati jani moja la sale limefungwa fundo. Bi Mauza akaniuliza mbona umekaa chini ghafla. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu masale ndiyo mpaka wa kiambo, na pia ndiyo samahani yetu. Mtu aliyekukosea kosa kubwa hufunga jani lile fundo, akakuletea, na ukishaletewa huwezi kukataa kumsamehe. Akaniuliza, "Sasa nani kakukosea?" Nikasema sijui.

Nani kafunga lile fundo, Leo? Nimekosewa nini? Nijibu kwa lori hili hili.

Severa


Kariakoo,
26 Agosti 1956

Leodegar,

Lori limekuja mara tatu. Ndizi zimekuja, viazi vimekuja, hata mbuzi wa mtu amekuja. Barua yako haijaja. Shaibu anasema kila akipita kwako unamwambia wiki ijayo.

Nauliza tena. Masale umeyang'oa wapi, na nani kafunga fundo?

Severa


Kibosho,
9 Septemba 1956

Dada mpendwa,

Shikamoo sana. Usikasirike, mikono imejaa kazi. Mwaka huu kahawa imetuinamia mpaka matawi yanagusa chini. Watoto ni wazima, mkubwa yuko darasa la tatu na anasoma vizuri kuliko mimi. Padre amepona kidole na anakuulizia.

Masale niliyatoa kule mtoni, yamejiotea. Fundo ni Celina, alikuwa akifunga mzigo na unajua mikono ya wanawake haitulii. Usilifikirie sana, wewe tangu zamani unatafuta jambo pasipo na jambo.

Habari za Karani? Anabweka sasa? Mwenye nyumba amefurahi? Nadhani ukishapazoea hapo hutaona sababu ya kuhangaika na safari ndefu Krismasi. Barabara ni mbaya, na wewe mgongo unakuuma.

Mdogo wako akupendaye,
Leodegar


Kariakoo,
14 Oktoba 1956

Leodegar,

Nilikulea. Mama alipolazwa nilikubeba mgongoni nikaenda nawe kuchota maji, ukiwa mzito na mkorofi. Nakukumbusha ili ujue ninazungumza na nani.

Alhamisi Shaibu alipumzika hapa uwanjani kwangu akinywa chai. Anampenda Karani, akamsifu jinsi anavyokaa sasa bila kamba. Katika maneno ya kupitisha muda akasema, "Huko kwenu watu wanajenga! Juzi nimeshusha mbao kwa bwana Augustino." Nikamwuliza Augustino anajenga wapi, maana kwake ni ng'ambo ya kijito. Akasema, "Nyuma ya zizi la marehemu mzee wenu. Pamefunguka, mpaka umeng'olewa." Maskini Shaibu hakujua anasema nini. Alimaliza chai yake akaomba nyingine.

Nyuma ya zizi ni kwangu. Baba alipanda masale yale kwa mkono wake, mbele ya baba mdogo Tarsis, akasema huyu binti hana mume wala mtoto, na asikose mahali pa kulala. Wewe ulikuwepo, ulishika maji ya kumwagilia.

Kwa hiyo nimepanda huku Kariakoo mpaka wa kwangu wa kule! Nimekuwa nikiumwagilia kila jioni, nikimzungusha mbwa pembeni yake, nikikuombea dua kwa ukarimu wako.

Sitaki habari za kahawa. Niambie wazee wa ukoo waliwezaje kukubali. Hawawezi kuondoa mpaka wa mtu aliye hai bila neno lake. Uliwaambia nimekufa?

Severa


Kibosho,
18 Novemba 1956

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Sikuwaambia umekufa. Niliwaonyesha karatasi yako.

Dada, nina wavulana wanne, na kiambo hiki unakijua. Mimi ndiye kitinda mimba, nimebaki na nyumba ya Baba, Mama na ng'ombe. Nikigawa mara nne kila mmoja atapata mahali pa kutupia mkeka. Augustino ana kipande kizuri cha kahawa kinachopakana nami upande wa bondeni, akasema tubadilishane, yeye apate pa kujenga karibu na barabara. Wazee wakauliza, Severa anasemaje? Nikasema Severa amehamia Dar es Salaam. Wakataka ushahidi. Ndipo ilipokuja barua yako ya mbwa, nami nikafikiri.

Niliwasomea. Baba mdogo Tarsis alikuwa mgonjwa siku hiyo, hakufika. Mzee mmoja alisema mtu anayeomba masale apande mpaka mahali pengine ameshachagua kwake, na kwake hakuwezi kuwa kuwili. Wengine wakakubali. Sikusema uongo hata neno moja. Ulikuwa mkono wako na hiari yako.

Mama hajasema nami tangu Juni. Anapika chakula chake peke yake. Fundo walilifunga yeye na Celina, mimi nililiona mzigo ukiwa umeshapakiwa.

Mbwa nilikupa kwa mapenzi. Naomba uamini hilo hata kama huamini mengine. Na mambo niliyokufundisha ni ya kweli, umeona mwenyewe.

Una chumba, una biashara, una mwenye nyumba anayekupenda. Ungekuja kufanya nini huku peke yako? Nakuomba usije Krismasi hii. Acha hasira zipoe.

Leodegar


Kibosho,
23 Desemba 1956

Leodegar,

Salamu nitakupa tukionana. Naandika kwa sababu uliniondoa kwa karatasi, na inafaa karatasi ikujibu.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikamsomea Bi Mauza. Aliniuliza neno moja tu, "Alikuambia uandike bila salamu, na wewe hukushtuka?" Sikushtuka. Ndicho kinachoniuma kuliko kipande chenyewe. Ungeniomba ardhi kwa ajili ya watoto wako, huenda ningelia, huenda ningekutukana, lakini tungekaa tukazungumza. Wewe ulikaa ukanifundisha, kwa upole, mwite, mpe nyama, mzungushe mpaka ajue kwao ni wapi. Nikawa nakushukuru. Nilikuwa nakuamini wakati unanifunga kamba.

Siku ya tatu nilichukua jembe. Niling'oa masale yote. Mawili yalikuwa yamekufa kwa jua, thelathini na manane ni mazima. Wapangaji walidhani nimechanganyikiwa, na Bi Mauza akatoka akasimama kwenye kibaraza. Nilimwomba aniandikie kwa Kiswahili, yeye na imamu wao, kwamba nyumba ni yake, uwanja ni wake, mimi ni mpangaji wa chumba tu, na hakuna mpaka wangu wowote Kariakoo. Aliandika na kutia sahihi. Nilimwambia samahani kwa uwanja kubaki wazi. Karani alikuwa amelala pale pale penye chakula chake, hakuvuka. Atabaki naye mpaka nirudi kuchukua vitu vyangu. Hamgusi, anamsukumia sufuria kwa fimbo ya ufagio, lakini nimesikia akimwita kwa jina.

Nimekuja na Shaibu tangu juzi. Sikushukia kwako. Nilishukia kwa baba mdogo Tarsis, ambaye anatembea kwa mkongojo lakini kichwa chake ni kizima. Amewaita wazee wale wale. Nimewasomea barua zako zote, za mbwa na za kahawa, kwa tarehe zake. Nimewawekea masale mbele yao na udongo wa Dar es Salaam ukiwa bado kwenye mizizi. Nikawauliza, kama kupanda ndiko kuhama, kung'oa ni nini? Mzee yule aliyesema kwake hakuwezi kuwa kuwili ndiye aliyeuliza jembe liko wapi. Augustino alikuwepo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kipande kina mwenyewe anayekitaka, na leo ana hasira kuliko mimi.

Celina nimemsamehe. Fundo lake nililipokea, na Mama pia nimemsamehe, ingawa Mama hakuwa na kosa ila kunyamaza. Wewe hujaniletea jani lolote. Uliona lao likiwa limeshapakiwa, ukaliacha lipite kama lako. Mimi sitakudai. Jani la kudaiwa halina maana.

Anayekukabidhi karatasi hii ni Celina. Najua unasoma ukiwa umesimama, kwa kuwa amekuambia kuna watu nje. Ni sisi. Ni mimi, Mama, baba mdogo Tarsis, Augustino na wazee saba, nyuma ya zizi, na jembe tumeazima kwa jirani. Wazee wanataka ushike maji, kama ulivyomshikia Baba.

Toka.

Severa